Shajara ya mradi: dizeli ya zamani inayochemsha mlimani

Gari lilivyoingia

SUV ya Kijapani ya miaka ya 1990, dizeli ya lita 3, silinda nne, tabo. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini, giaboksi ni otomatiki. Rejeta ni ya kizamani: shaba iliyoungwa kwa risasi, na maji yanashuka kutoka tanki la juu hadi la chini kupitia mirija ya wima. Mfumo wote, pamoja na hita, unachukua lita 11.

Malalamiko ni mawili, na ukiyatazama juu juu yanapingana. Asubuhi injini inachelewa kupata joto. Hita inapuliza hewa vuguvugu hata baada ya mwendo wa maana. Halafu gari hilo hilo, likipanda mlima mrefu huku kiyoyozi kimewashwa, mshale unakaribia nyekundu na chupa ya akiba inafurika. Kwenye foleni ya mjini halina neno.

Hilo la foleni nimelipigia mstari, maana ndilo linalopunguza washukiwa. Gari linalochemsha likiwa limesimama au linatambaa kwa kawaida limekosa hewa: feni, klachi ya feni, kava la feni lililovunjika, uchafu kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Linalochemsha likiwa kwenye mwendo na mzigo lina hewa ya kutosha, kwa hiyo unatazama upande wa maji. Ama hayapiti ya kutosha, ama yanapita njia isiyo yake, ama gesi ya mwako inaingia humo.

Maji yenyewe ni ya kahawia. Mwenye gari wa awali alikuwa akiongeza chochote kilichokuwa karibu: kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya kijani, nyekundu, maji ya bomba. Nimepima kwa rifraktomita (kifaa kinachoonyesha ukolezi wa kulanti), nikapata kinga ya hadi nyuzi 12 chini ya sifuri, yaani kulanti ni kama robo tu na iliyobaki ni maji. Karatasi ya pH inasoma chini kidogo ya 7. Glaikoli, kiini cha kulanti, ikizeeka huoksidika na kuwa asidi, na asidi inayozunguka kati ya alumini, shaba, risasi na chuma haina la heri inaloleta.

Kila aliyesikia dalili amesema jambo moja: hedi imepasuka. Dizeli za aina hii zina sifa hiyo. Lakini sifa si ushahidi, na kufungua hedi ni kazi ya mwisho, si ya kwanza.

Kanuni za mradi: kitu kimoja kwa wakati, kupima kabla na baada, mlima ule ule, mzigo ule ule, kiyoyozi kimewashwa.

Geji kwanza

Mshale wa dashibodi hautoshi. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto ili dereva asihangaike, halafu ukianza kusogea ujue umeshachelewa. Nimefunga geji ya kidijitali, kihisi chake kikiwa kwenye adapta ya hozi ya juu, pale maji yanapotoka kwenye injini kuelekea rejeta.

Kihisi cha ndani ya maji kina udhaifu wake: maji yakimwagika yote, kinabaki hewani na kinasoma joto la chini wakati injini inaungua. Kwa sababu hiyo nimeongeza kihisi cha pili cha aina ya pete, kilichobanwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi yenyewe, na king'ora chake.

Vipimo vya kuanzia: barabara tambarare 66, mlimani 109.

Hiyo 66 imenishughulisha kuliko 109. Injini yenye themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto) ya nyuzi 82 haipaswi kutembea kwa 66. Nimeiweka akilini na kuendelea na utaratibu.

Kesi ya hedi

Dalili za bure kwanza. Oili ni safi, hakuna utando mweupe chini ya mfuniko wa kujazia. Ekzosi haitoi moshi mweupe wenye harufu tamu. Hozi ya juu nimeibonyeza alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha: laini. Gasketi ya hedi inayovujisha gesi ya mwako mara nyingi huacha hozi ngumu hadi asubuhi, kwa sababu presha hiyo haikutokana na joto bali ilisukumwa kutoka kwenye silinda.

Kisha kipimo cha presha. Pampu ya mkono juu ya rejeta, injini baridi, nimesukuma hadi 0.9 ya baa na kuiacha. Sindano haikushuka kwa namna ya kutia shaka.

Mwisho kipimo cha kemikali. Kimiminika cha buluu kinawekwa ndani ya mrija wa kioo, hewa ya juu ya tanki la rejeta inavutwa ipite ndani yake. Ikiwa na kabonidioksidi ya mwako, buluu inageuka kijani, halafu manjano. Dizeli ikinguruma tu bila kukanyagwa ina kabonidioksidi kidogo kuliko petroli, kwa hiyo usingoje manjano. Kijani kinatosha kukutia hofu. Ni lazima kiwango cha maji kishushwe kidogo kabla, vinginevyo unanyonya kulanti chafu na kipimo kinaharibika. Matokeo: buluu tupu.

Kuna ufa unaofunguka chini ya mzigo pekee na kufunga injini ikitulia. Basi sijafuta kesi. Nimeandika "hana hatia kwa sasa", na kipimo hiki kitarudiwa mara baada ya kushuka mlima.

Mfuniko wa rejeta

Watu hubadilisha rejeta nzima kabla ya kushuku mfuniko wake. Wangu umeandikwa 0.9. Kwenye kipimo umefunguka kwenye 0.4, na kile kivalvu kidogo cha katikati, kinachoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa, kimevimba mpira wake na kinaganda. Ndiyo maana chupa inafurika na bado rejeta inakutwa imepungua asubuhi.

Hesabu yake ni rahisi. Usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli unachemka kwa kama 107. Ukiubana kwa presha ya 0.9 ya baa, maji matupu yanafika karibu 119 kabla ya kuchemka, na mchanganyiko unapita hapo kwa nafasi nzuri. Kwa presha ya 0.4, maji matupu yanachemka kama 109. Na mimi nilikuwa na robo tu ya kulanti, mlimani, ambako presha ya hewa yenyewe imeshapungua. Kufurika hakukuwa muujiza.

Mfuniko mpya ni wa 0.9 kama ulivyoandikwa wa zamani. Wapo wanaoweka wa 1.3 kwa kudhani zaidi ni bora. Kwenye rejeta ya risasi yenye umri huu, presha ya ziada inatafuta kiungo dhaifu na kukifungua.

Baada ya mfuniko pekee: mlimani 109 vile vile, lakini chupa haikufurika. Ndivyo ilivyotarajiwa, kwa kuwa mfuniko haupunguzi joto la injini, unazuia kuchemka tu. Ukisikia mtu anasema kafunga mfuniko mpya na gari limepoa, muulize kama ana geji.

Themostati

Nimefungua nyumba ya themostati nikakuta nafasi tupu. Imeng'olewa. Maswali yote mawili ya mwanzo yakaanza kujibika hapo hapo.

Desturi ya kung'oa themostati gari likichemsha imeenea kweli, na mantiki yake inaeleweka: ondoa kizuizi, maji yapite bure. Kwenye baadhi ya injini haileti madhara ya haraka zaidi ya kutembea baridi, kula dizeli, na oili isiyofikia joto la kukausha unyevu wake. Kwenye injini ya muundo huu ni kinyume kabisa na lengo. Themostati yake ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Injini ikiwa baridi, njia ya rejeta imefungwa na maji yanazunguka ndani kupitia njia ya mkato. Ikipata joto, sahani ya mbele inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo kisahani cha nyuma kinaziba ile ya mkato. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi muda wote. Maji hufuata wepesi, na sehemu yake kubwa inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta.

Kwa hiyo tambarare, mzigo mdogo, rejeta inapata maji kidogo lakini muda wote, na injini haipandi kutoka 66. Mlimani, maji yanahitajika yote yapite rejeta, na nusu yanachepuka. Kasoro moja, dalili mbili.

Themostati mpya ya 82 nimeijaribu kabla ya kuifunga: imening'inizwa kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Imeanza kuachia kwenye 82, na kwenye 95 imefunguka zaidi ya milimita 8. Mpya pia hujaribiwa, maana mbovu dukani zipo. Imefungwa na kile kivalvu kidogo kinachocheza kikiwa juu kabisa, ili hewa itoke wakati wa kujaza. Ukikiweka chini, hewa inajikusanya nyuma ya themostati, na themostati iliyo ndani ya hewa inachelewa kuhisi joto la maji.

Vipimo: tambarare 86. Asubuhi hita inapata moto mapema kabisa. Mlimani 103.

Nafuu kubwa, ila 103 kwa mfumo uliosimama sawasawa bado ni nyingi.

Rejeta

Nje kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Kati ya kondensa na rejeta palikuwa na tabaka la vumbi, mbegu za nyasi na wadudu ambalo halionekani ukitazama kwa mbele. Nimelegeza mabano, nikapuliza maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Presha kubwa hulaza mapezi (vibati vyembamba kati ya mirija), na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Ndani sasa. Injini ikiwa imepata joto na kuzimwa papo hapo, nimepima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha miale. Vipimajoto hivi hudanganywa na chuma kinachong'aa, basi nimebandika vipande vya utepe mweusi usiong'aa na kupima juu yake. Rejeta nzima ilipaswa kupoa taratibu kutoka juu kwenda chini. Badala yake kuna milia ya wima: hapa 84, sentimita chache kando 50. Mirija ya wima iliyo baridi ni mirija isiyopitisha kitu.

Nilijaribu njia ya upole: kumwaga yote, asidi ya limau ndani ya maji, kuzungusha injini ikiwa na joto la kawaida, kumwaga, kusuuza hadi maji yatoke meupe. Asidi hii inalainisha kutu na ukoko, lakini isiachwe kulala ndani, kwani alumini haiipendi. Nimesuuza pia hita peke yake, kwa maji ya presha ndogo, kutoka pande zote mbili.

Hapa ndipo plagi ya kumwagia ya bloku ilipohitajika. Wengi hufungua koki ya chini ya rejeta tu na kuhesabu kwamba maji yameisha. Kwenye gari hili zinatoka kama lita 6, na lita 5 zinabaki ndani ya bloku na hita. Ukijaza kulanti mpya juu ya hizo, umechanganya mpya na ya zamani nusu kwa nusu. Plagi ilikuwa imeganda. Mafuta ya kupenyeza, subira, spana ya pembe sita inayokaa sawasawa. Ilipoachia, kwa muda hakikutoka kitu. Nilisukuma waya ndani, ukamwagika udongo wa kutu.

Milia kwenye rejeta ilipungua lakini haikuisha. Basi imeenda kwa fundi rejeta. Faida ya rejeta ya shaba ni hii: tanki la juu linafunguliwa kwa moto, fimbo bapa inapitishwa kwenye kila mrija hadi mwisho, tanki linaungwa tena. Zile za alumini zenye matanki ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa nzima. Fundi alipofungua alinionyesha midomo ya mirija ya upande mmoja: imezibwa na ukoko mweupe mgumu uliochanganyika na kitu kizito chenye kunata. Ukoko ni wa maji ya bomba, kalisi na magnesi yake. Hicho kinachonata nadhani ni mabaki ya silikati, zao la kuchanganya kulanti.

Nimemwomba pia ajaribu kwa presha kile kipoza-oili cha giaboksi kilicho ndani ya tanki la chini. Hicho kikitoboka, oili ya giaboksi na kulanti vinaingiliana, na giaboksi ya otomatiki haivumilii hata kiasi kidogo cha glaikoli. Kimeshika.

Vipimo, mfumo ukiwa umejazwa maji yaliyokenekwa matupu kwa ajili ya jaribio tu: mlimani 94. Kipimo cha kemikali kimerudiwa papo hapo baada ya mlima: buluu. Kesi ya hedi nimeifunga.

Kuchagua kulanti

Sikutaka kununua kulanti nzuri kabla ya hapa, kwani ingeishia kumwagwa na taka.

Rangi niliiondoa kwenye mjadala mapema. Hakuna kiwango kinachosema kijani ni aina hii na nyekundu ni ile. Rangi ni ya kutiwa tu kiwandani, na kampuni mbili zinaweza kutia waridi kwenye kemia mbili tofauti. Anayekuuliza "unatumia ya kijani au nyekundu?" hajakuuliza kitu. Kinachosomwa ni nyuma ya dumu: aina ya vizuia kutu, na kiwango inachotimiza, kama ASTM D3306 ya magari madogo, BS 6580 ya Uingereza au JIS K2234 ya Japani.

Kimsingi karibu zote ni ethilini glaikoli pamoja na maji. Tofauti iko kwenye asilimia chache za vizuia kutu. Kundi la zamani, IAT, linatumia chumvi za madini, hasa silikati. Linalinda haraka kwa kutandaza utando juu ya chuma chote, pamoja na shaba na risasi, lakini silikati huisha upesi, kwa hiyo inabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Kundi la OAT linatumia asidi za kikaboni. Hizi hazitandazi, zinafanya kazi pale tu kutu inapoanza, ndiyo maana zinadumu miaka 5 au zaidi. Zinalinda alumini vizuri sana. Ila baadhi yake hazikutengenezwa kwa kufikiria risasi ya rejeta za zamani, na zile zenye asidi ya 2-ethylhexanoic zina sifa ya kulainisha baadhi ya mipira na gasketi za silikoni. Kati ya hayo mawili yako mahuluti, na humo ndimo watengenezaji wanapoachana njia. Wazungu wengi waliikwepa fosfati kwa sababu ya maji yao magumu, wakabaki na silikati. Wajapani waliikwepa silikati kwa hofu ya kuchakaza sili za pampu, wakachukua fosfati pamoja na asidi za kikaboni. Hiyo ya Kijapani huandikwa P-HOAT.

Kwa gari hili nilibaki na mbili: IAT nzuri, au P-HOAT isiyo na silikati. Nimechukua P-HOAT. Sili ya pampu ilitengenezwa kwa kemia hiyo, hedi ya alumini inapata ulinzi wa fosfati mapema na wa asidi baadaye, na rejeta imetoka kuungwa upya kwa risasi safi. Ningekuwa na gari la petroli la miaka ya 1970 lenye chuma na shaba tupu, ningechukua IAT bila kusita.

Kulanti za malori ya dizeli zenye naitraiti zilipendekezwa pia. Hizo zinajibu tatizo la mikono ya silinda (mirija ya chuma inayochomekwa kwenye bloku) inayogusana na maji moja kwa moja, ambayo hutobolewa na viputo vya mtetemo. Bloku hii haina mikono hiyo, na naitraiti na alumini si marafiki wa kudumu. Nimeziacha.

Kuhusu kuchanganya aina: si kweli kwamba zikikutana lazima zigande. Mara nyingi hazigandi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Zinachofanya ni kupunguziana nguvu, ukabaki na kulanti ya miaka 5 inayolinda kwa muda usioujua. Kuganda hutokea pia, hasa silikati zikizidi, lakini gari linaweza kutembea muda mrefu likiwa na mchanganyiko mbovu pasipo dalili yoyote. Ukikwama njiani, ongeza maji, hata ya kunywa. Maji ya dharura yanamwagwa baadaye, hayaleti mgogoro wa kemia.

Nusu kwa nusu au zaidi? Nusu. Glaikoli tupu si bora: inabeba joto kidogo kuliko maji, na inaganda kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri, wakati mchanganyiko wa nusu unastahimili hadi kama 37 chini. Hata pasipo baridi ya kuganda, nusu hiyo inahitajika kwa ajili ya vizuia kutu na kiwango cha kuchemka.

Maji ni yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo, isije ikawa asidi ya betri. Kwa kulanti yenye fosfati hili si hiari: fosfati ikikutana na kalisi ya maji magumu inatengeneza ukoko ule ule niliotoka kuulipia.

Kujaza

Nimenunua isiyochanganywa. Baada ya kusuuza, ndani ya bloku na hita huwa kunabaki maji ambayo huwezi kuyatoa yote, na ukitumia ile iliyochanganywa tayari utaishia na theluthi. Mfumo ni lita 11, kwa hiyo lita 5.5 za kulanti zinaingia kwanza zote, kisha maji yaliyokenekwa hadi ijae. Chochote kilichokuwa kimebaki ndani kilikuwa maji, na hesabu inakaa sawa.

Pua ya gari imeelekezwa juu kwenye mwinuko, hita imefunguliwa moto kabisa ili na yenyewe ipitishe. Nimemimina polepole, nikibonyeza hozi ya juu hadi viputo vikaisha, injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi. Kiwango kilikaa, kikashuka ghafla themostati ilipofunguka, nikaongeza. Mfuniko ulipofungwa, chupa ya akiba nimeijaza hadi alama ya juu na kubandika utepe pembeni. Kiwango kinasomwa injini ikiwa baridi tu. Mfuniko haufunguliwi moto, hata kwa kitambaa, hata kidogo. Mvuke huo unachuna ngozi.

Rifraktomita inasoma 36 chini ya sifuri. Mlimani 97, yaani nyuzi 3 zaidi ya maji matupu. Hiyo ni glaikoli, si kasoro.

Ya zamani imeingia kwenye dumu lenye mfuniko na maandishi, ipelekwe panapokusanywa oili chafu. Ethilini glaikoli ina utamu, na inaua figo za mbwa, paka na watoto. Hata ile iliyomwagika sakafuni nimeisuuza hapo hapo.

Pampu

Kiwango kwenye chupa kimeanza kushuka chini ya utepe. Chini ya pampu ya maji, kwenye kitundu kilichowekwa makusudi kuonyesha sili imechoka, kuna alama ya waridi iliyokauka. Kabla ya kusafisha ilishika presha bila tatizo. Ukoko ulikuwa umeziba pale ambapo sili haikuwa ikiziba, na mimi nimeuondoa.

Nilishauriwa dawa ya unga ya kuziba. Siitumii. Dawa hiyo haijui tofauti kati ya kitundu cha pampu na mirija ya rejeta iliyotoka kuzibuliwa, na hita ndiyo hujaa kwanza.

Pampu mpya na gasketi yake, uso umesuguliwa kwa mkono, bolti zimekazwa kwa msalaba. Ya zamani ilikuwa na mchezo kwenye beringi unaosikika kwa vidole. Kulanti ilikuwa bado mpya, basi niliimwaga kwenye chombo safi, nikaichuja kwa kitambaa na kuirudisha. Klachi ya feni nimeikagua wakati iko nje: ina ukinzani ikiwa ya moto, haivuji silikoni. Inarudi ilivyo.

Hali ilivyo

Tambarare 86, mlimani na kiyoyozi 96 hadi 97. Chupa inapanda ikiwa moto na kurudi kwenye utepe ikipoa. Hozi ya juu ni laini alfajiri.

Lebo ya kulanti inasema miaka 5. Hii ya kwanza nitaibadilisha baada ya miaka 2, kwa kuwa ndani ya bloku kuna kutu ambayo hakuna kusuuza kunakoimaliza, na inakula vizuia kutu tangu siku ya kujazwa. Plagi ya bloku imefungwa na grisi ya shaba, itafunguka kwa ustaarabu.

Kilichobaki ni hozi fupi ya nyuma ya hedi iendayo kwenye hita, ile isiyofikika bila kutoa manifoldi ya hewa. Inaonekana nzima, ila ni ya umri wa gari. Itabadilishwa manifoldi itakapofunguliwa kwa kusafishwa masizi, na kipoza-oili cha giaboksi cha nje kitafungwa wakati huo huo.